Kabla ya Mozart Hapakuwa Kimya

Katika filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka 1985, kuna tukio ambalo watazamaji wengi hulikumbuka hata baada ya kuisahau hadithi yenyewe. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza anayeigizwa na Robert Redford, ameiweka gramafoni nyikani. Santuri inazunguka, muziki wa Mozart unasikika, na nyani wanasogea kuushangaa. Denys anamwambia mpenzi wake, Karen Blixen, maneno ambayo kwa ufupi yana maana hii: mahali hapa hapajawahi kusikika sauti iliyotengenezwa na binadamu, na sasa, ghafla, Mozart.

Mahali hapo ni Kenya. Filamu ilipigwa Kenya, na inasimulia miaka ya 1914 hadi 1931, wakati Blixen, mwanamke wa Denmark, alipokuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Kwa hiyo maneno ya Denys si pambo la mapenzi tu. Ni madai kuhusu historia. Yanadai kwamba nchi ya Wamaasai na Wakikuyu ilikuwa kimya mpaka Ulaya ilipoifikia na santuri zake. Madai hayo yangesemwa leo bungeni au katika ukumbi wa mihadhara, yangezua ghasia. Yakisemwa juu ya Mozart, jua likiwa linazama, watu hupangusa machozi.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Muziki katika filamu hugawa utu. Humwonyesha mtazamaji nani ana moyo wa kufunuliwa na nani ni sehemu ya mandhari, tena hufanya hivyo kabla mhusika hajafungua kinywa. Muziki wa klasiki wa Ulaya hufanya kazi hiyo kwa nguvu ya pekee kwa sababu huja na heshima iliyokwisha kujengwa kwa karne nyingi. Anayeisikia okestra huamini kwamba ameingizwa mahali patakatifu, na mahali patakatifu watu hawazoei kuuliza maswali. Mimi nataka tuulize.

Tuanze na hicho kimya

Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Santuri zao zikarudi kuuzwa katika soko la Afrika Mashariki. Hadithi ya Out of Africa inafika ukingoni mwaka 1931. Hii ina maana kwamba, ndani ya miaka ileile inayosimuliwa na filamu, gramafoni haikuwa tena chombo cha mzungu peke yake. Ilikuwa imekwisha kuzungumza Kiswahili, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya mwanamke Mwafrika aliyezaliwa katika familia ya watumwa.

Mwishoni mwa mwaka 1929, nchi ya Wakikuyu ilitikiswa na wimbo na ngoma iliyoitwa Muthirigu. Ilizuka katika mgogoro mkali kati ya makanisa ya wamisionari na wananchi kuhusu tohara ya wanawake, mgogoro ambao ulibeba pia uchungu wa ardhi na wa elimu. Maneno yake yaliwakejeli wamisionari na maofisa wa serikali waziwazi. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku. Mtu anaweza kuipinga tohara hiyo, nami ninaipinga, na bado akaona jambo lililo dhahiri: serikali haipigi marufuku kimya. Watawala walizisikia sauti za binadamu vizuri sana, wakazielewa, na wakaziogopa.

Ushahidi wa tatu unatoka katika kitabu cha Blixen mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1937 na kuipa filamu jina lake. Blixen anaeleza kwamba Denys alimpa gramafoni, na kwamba wenyeji waliipenda, wakawa wanasimama kuizunguka nyumba ili wasikilize. Watumishi wa nyumbani walikuwa na nyimbo walizozichagua, wakimwomba awapigie. Kamante, mpishi wake Mkikuyu, alishikamana na sehemu ya taratibu ya konseto moja ya piano ya Beethoven, na mara ya kwanza alipoitaka alipata taabu kueleza ni muziki upi anaoutaka. Blixen analisimulia hilo kwa namna ya mshangao, kama jambo lisilotarajiwa. Hata hivyo amelisimulia. Katika kitabu, msikilizaji ni mtu mwenye jina na mwenye ladha yake. Katika tukio la filamu linalokumbukwa kuliko yote, nafasi ya msikilizaji amepewa nyani.

Sidai kwamba Pollack alikaa chini na kupanga tusi. Filamu yake ina mahali inapojaribu kutenda haki. Inamwonyesha Blixen akipiga magoti mbele ya gavana ili Wakikuyu wa shambani wasifukuzwe kwenye ardhi. Lakini hiyo ndiyo sababu mfano huu una uzito. Dharau iliyokusudiwa hutambulika upesi. Ile inayopita ndani ya kitu kizuri, kwa mkono wa mtu mwenye nia njema, hukaa miaka mingi bila kuguswa. Out of Africa ilipata tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya muziki uliotungwa na John Barry. Kwa mamilioni ya watu ambao hawatakanyaga Kenya, sauti ya Kenya ni fidla za Barry na klarineti ya Mozart.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Ili tuelewe jinsi jambo hili linavyotokea, inafaa tujue muziki unavyoingia katika filamu. Wengi hudhani unatokea wenyewe, kama upepo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wakati filamu hazikuwa na sauti, majumba ya sinema yaliajiri wapiga piano, wapiga kinanda na hata okestra nzima. Wanamuziki hao walihitaji vipande vya haraka vya kulingana na kila tukio, na wachapishaji wakawatengenezea vitabu. Kimoja kilichojulikana sana kilitolewa na Erno Rapée nchini Marekani mwaka 1924. Vipande vyake, vingi kati yake vikiwa vimetoholewa kutoka kwa watunzi wa klasiki, vilipangwa kwa aina ya hisia au tukio: mapenzi, huzuni, vita, kutisha, harusi. Katika orodha hiyohiyo kulikuwa na kundi la muziki wa "Mashariki". Tafakari maana yake. Huzuni ni hali ya moyo ambayo mtu yeyote anaweza kuwa nayo. "Mashariki" ni nusu ya dunia. Kuviweka vitu hivyo viwili katika orodha moja ni kusema kwamba mtu wa Ulaya ana huzuni, ilhali mtu wa Asia yeye mwenyewe ni hisia inayopaswa kuamshwa ndani ya mtazamaji.

Desturi hiyo haikufa sauti ilipoingia. Mpaka leo, mhariri anapounganisha picha, mara nyingi huweka muziki wa muda ulioazimwa kutoka kwingine ili aone mwendo wa tukio. Baadaye mtunzi huitwa kuandika muziki mpya. Wakati mwingine mwongozaji huwa amekwisha kuuzoea ule wa kuazima hata asiweze kuuacha. Stanley Kubrick alimwajiri Alex North, mtunzi mwenye sifa kubwa, kuandika muziki wa 2001: A Space Odyssey. North aliandika. Filamu ilipoonyeshwa mwaka 1968, aligundua kwamba muziki wake haumo. Kubrick alikuwa ameubakiza wa Richard Strauss, wa Johann Strauss na wa György Ligeti. Chombo cha angani kinachozunguka taratibu kwa mdundo wa valsi ya Vienna ni uamuzi wa mtu mmoja aliyeketi chumbani na kuchagua.

Kuna na upande wa fedha. Katika nchi nyingi hakimiliki ya mtunzi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Mozart alifariki mwaka 1791. Hakuna anayedai mrabaha kwa niaba yake. Anayehitaji kulipwa ni mwenye rekodi, na ukirekodi mwenyewe kwa okestra yako, huna deni kwa mtunzi. Kwa hiyo muziki wenye hadhi kubwa kuliko wote mara nyingi pia ni muziki usio na mwenyewe wa kukataa. Wagner hawezi kuulizwa anapelekwa wapi.

Naye Wagner amepelekwa mbali.

Nani anapanda farasi

Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan kama wakombozi wa Marekani ya Kusini na kuwaonyesha watu weusi kama tishio. Muziki wa filamu hiyo uliandaliwa na Joseph Carl Breil, kwa kuchanganya tungo zake na vipande vya watunzi wa klasiki. Wapanda farasi wa Klan wanapokuja mbio kuwaokoa weupe, kinachosikika ni muziki wa mbio za Wavalkiri kutoka katika opera ya Wagner Die Walküre. Filamu ilionyeshwa Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Woodrow Wilson. Chama cha NAACP kiliipinga kwa maandamano na kwa maombi ya kuipiga marufuku. Kabla mwaka huo haujaisha, Klan, iliyokuwa imekufa kwa miongo kadhaa, ilifufuliwa upya katika jimbo la Georgia.

Muziki haukuwafufua peke yake. Ila uliwapa kile ambacho hotuba ya chuki haiwezi kutoa, yaani utukufu. Mtazamaji wa mwaka 1915 hakuombwa akubali hoja kwamba muuaji aliyevaa shuka jeupe ni shujaa. Alipewa okestra, na mwili wake ukasisimka kabla akili yake haijafika.

Miaka 64 baadaye, Francis Ford Coppola aliuchukua muziki uleule katika Apocalypse Now. Helikopta za Marekani zinakishambulia kijiji cha Vietnam asubuhi, na kamanda wao, Kilgore, ameamuru Wagner apigwe kupitia vipaza sauti vilivyofungwa kwenye helikopta. Tofauti na filamu ya Griffith ni kubwa, na mwanafunzi wa siasa hana budi kuishika. Kwa Griffith, muziki ulitoka nje ya hadithi, kama hukumu kutoka mbinguni. Kwa Coppola, muziki umo ndani ya hadithi. Tunamwona nani ameuwasha. Tunajua kwamba utukufu huo umebebwa na wauaji wenyewe katika vyombo vyao, kama walivyobeba risasi. Kisha kamera inahamia kijijini, kwenye ua wa shule wenye watoto, na kwa muda mfupi hapo pana utulivu wa kawaida wa asubuhi. Mtazamaji anayetega sikio anaambiwa ukweli wote katika mpito huo: walio juu wana muziki, walio chini wana maisha.

Je, ilitosha? Mwaka 2005 Sam Mendes alitoa Jarhead, filamu kuhusu wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita vya Ghuba vya 1991. Ndani yake kuna tukio ambapo wanajeshi hao, kabla ya kupelekwa vitani, wanaonyeshwa tukio hilohilo la Apocalypse Now. Wanaimba pamoja na Wagner, wanapiga mayowe, wanashangilia helikopta. Kilichotengenezwa kama shutuma dhidi ya vita kimekuwa kitia hamasa cha vita. Mwongozaji anaweza kutuonyesha mkono unaowasha muziki. Hawezi kutulazimisha kuutazama. Kazi hiyo inabaki kwa mtazamaji, na mtazamaji asiyefundishwa kusikiliza hataifanya.

Jibu kwa wanaosema muziki hauna siasa

Najua wapo wasomaji watakaosema: muziki ni lugha ya ulimwengu wote, tuuache kwa amani. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, na Charlie Chaplin aliifahamu sehemu hiyo kuliko wengi. Katika The Great Dictator, iliyotolewa mwaka 1940 wakati Hitler akiwa ameikalia sehemu kubwa ya Ulaya, Chaplin alitumia dibaji ya opera ya Wagner Lohengrin mara mbili. Mara ya kwanza, dikteta Hynkel anacheza na puto lenye ramani ya dunia, analirusha na kulibembeleza kama mpenzi, hadi linampasukia. Mara ya pili ni mwishoni, kinyozi Myahudi aliyedhaniwa kuwa dikteta anapomaliza hotuba yake ya utu na kumtaja Hannah, msichana aliye ukimbizini. Muziki ni uleule. Mara moja umebeba uchu wa kuitawala dunia, mara nyingine matumaini ya aliyeporwa kila kitu. Chaplin alikuwa akimnyang'anya Hitler mtunzi aliyempenda kuliko wote.

Lakini angalia Chaplin alichothibitisha. Hakuthibitisha kwamba muziki hauna siasa. Alithibitisha kwamba siasa yake hutegemea umepewa nani. Tungo ileile iliyomtumikia dikteta ilimtumikia mkimbizi, na aliyeamua hivyo ni binadamu. Kwa hiyo swali la nani amepewa muziki ni swali halali, na mwongozaji anapaswa kulijibu kama anavyojibu swali la nani amepewa maneno.

Wengine wana imani ya kina zaidi, kwamba muziki mkuu humfanya mtu awe mwema, na kwamba penye Bach ukatili hupungua. Steven Spielberg alilijibu hilo katika Schindler's List ya mwaka 1993. Ni usiku, mtaa wa Wayahudi mjini Kraków unateketezwa, Machi 1943. Wanajeshi wanapekua vyumba na kuwapiga risasi waliojificha. Katikati ya milio hiyo Mjerumani mmoja ameketi kwenye piano iliyoachwa na wenyewe, anapiga kwa ustadi. Wenzake wawili mlangoni wanabishana: ni Bach au Mozart? Ni Bach. Wanabishana kama wapenzi wa muziki wanavyobishana popote, na mauaji yanaendelea. Tukio hilo ni fupi, lakini nadharia nzima ya "ustaarabu" waliyoileta wakoloni katika mabara yetu inaangukia hapo. Mtu anaweza kuyajua yote yaliyo bora katika utamaduni wake na asijue kwamba aliye chini ya kitanda ni mtu.

Na tusidhani kwamba hilo ni la karne ya 20 pekee. Katika Vienna ya Mozart aliishi Mwafrika aitwaye Angelo Soliman. Aliletwa Ulaya akiwa mtoto mtumwa, akakua katika nyumba za wakuu, akawa msomi aliyeheshimiwa na mwanachama wa jumuiya ya Wamasoni ambayo Mozart naye alihudhuria vikao vyake. Alifariki mwaka 1796, miaka 5 baada ya Mozart. Mwili wake ulichunwa ngozi, ngozi ikajazwa, ikavishwa manyoya na makombe, ikawekwa katika makumbusho ya viumbe ya mfalme. Binti yake aliomba mwili urudishwe azike, hakusikilizwa. Masalia hayo yaliteketea kwa moto mwaka 1848. Mtu aliyekaa katika mikutano ya mji ule akiwa amevaa kama waungwana wenzake alirudishwa nyikani kwa nguvu baada ya kufa, ili awe mandhari. Ukiielewa hadithi ya Soliman, unaelewa pia kwa nini nyani wa Out of Africa si mzaha mdogo. Desturi ni ileile, ya kumwondoa Mwafrika kwenye kiti cha msikilizaji na kumweka miongoni mwa wanyama.

Tusimtupe Mozart

Kutokana na haya, baadhi ya vijana wetu hufikia hitimisho la haraka: muziki huo ni wa wakoloni, tuuache. Silikubali. Mozart hakumiliki shamba Ngong. Zaidi ya hayo, kuuacha ni kukubali madai yaleyale ya Denys kwa mlango wa nyuma, kwamba muziki huo si wetu na hatuwezi kuwa wasikilizaji wake, wala wapigaji.

Mwaka 2010 ilitoka filamu ya kumbukumbu iitwayo Kinshasa Symphony, ya Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer. Inaifuata Orchestre Symphonique Kimbanguiste, okestra ya Kinshasa iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Wapigaji wake wana kazi nyingine za kutafutia riziki. Wanakusanyika jioni baada ya shughuli, wanajifunza Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Umeme unakatika zikiwa zimebaki noti chache. Kontrabasi inatengenezwa kwa mbao na mikono yao wenyewe. Katika filamu hii Beethoven hajaletwa kuipamba Kongo wala kuistaarabisha. Yeye ndiye anayepata taabu kufika, na watu wa Kinshasa ndio wanaombeba.

Inafaa kukumbuka okestra hiyo imetoka wapi. Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wabelgiji walimkamata mwaka 1921, wakamhukumu kifo, kisha wakaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1951 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Kanisa lililotokana na mahubiri yake ndilo lililoilea okestra hiyo. Mjukuu wa mtu aliyenyamazishwa na Ulaya kwa miaka 30 anasimama mbele ya kwaya na kuiongoza katika muziki wa Ulaya. Hakuna aliyemruhusu, na hakuomba ruhusa.

Afrika Kusini nayo ilitoa mfano mwaka 2005. Filamu ya U-Carmen eKhayelitsha iliichukua opera ya Bizet, Carmen, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875, ikaipeleka katika kitongoji cha Khayelitsha na kuiimba yote kwa Kixhosa. Ilishinda Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin. Hapo mwanamke wa kitongojini ndiye mwenye wimbo. Ana hasira, ana tamaa, ana msimamo, na okestra nzima inafanya kazi ya kumtumikia yeye.

Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba tatizo halikuwa Mozart kufika Afrika. Tatizo lilikuwa madai kwamba alifika mahali patupu, na kwamba waliokuwapo hawakuwa na masikio.

Basi tufanye nini

Kwa wanafunzi, ninapendekeza zoezi lisilohitaji fedha. Chagua filamu yoyote inayohusu nchi yetu au bara letu. Itazame mara moja kama kawaida. Kisha irudie ukiwa umeipa kisogo skrini, ukiandika daftarini: muziki unaanza lini, unaisha lini, na ni nani aliye mbele ya kamera wakati huo. Baadaye hesabu. Nani amepewa fidla anapolia? Nani analia bila muziki? Ngoma zinapigwa wakati wa furaha, au kila mara zinapigwa kabla ya hatari? Matokeo yatakuambia msimamo wa filamu hiyo kwa uaminifu kuliko mahojiano ya mwongozaji wake.

Kwa wanaharakati, jambo la kuangalia ni kazi zetu wenyewe. Video nyingi za kuchangisha fedha hutandika piano ya huzuni chini ya uso wa mtoto maskini, kisha okestra inapanda mfadhili anapotokea na maji. Tumechukizwa na Griffith huku tukitumia kanuni yake. Mtoto yule ana nyimbo anazoimba na wenzake. Mama yake ana wimbo wa kusagia, wa kubembelezea, wa msibani. Kama kweli tunataka mtazamaji amwone kama mtu, tumpe nafasi ya kusikika.

Kwa watumishi wa umma mnaoidhinisha filamu za miradi na maadhimisho, ombi langu ni la kiutawala. Wekeni katika zabuni sharti kwamba muziki unaotumika utajwe mwishoni kwa jina la mtunzi na la wapigaji, uwe wa Bach au wa kikundi cha taarabu cha Tanga. Wekeni fungu la kuwalipa wanamuziki wa hapa warekodi muziki mpya, badala ya kuchota okestra isiyojulikana kutoka kwenye intaneti kwa sababu ni ya bure. Redio za taifa zina hazina za rekodi za miongo mingi. Zitunzwe, ziorodheshwe, na watengenezaji wa filamu wapewe njia halali ya kuzitumia. Filamu kuhusu daraja la Tanzania au hospitali ya Kenya haina sababu ya kusikika kama matangazo ya saa za Uswisi.

Kwetu sisi walimu, kuna pengo la kuziba. Tunawafundisha vijana kuchambua hotuba na katiba, tunawafundisha kusoma picha na takwimu, lakini sikio tumeliacha bila ulinzi, na watawala wa kila zama wamelijua hilo. Somo la kusikiliza linaweza kuanza na santuri za Siti binti Saad na kuishia na Beethoven wa Kinshasa, na katikati yake pawepo Kamante, amesimama mbele ya gramafoni ya tajiri wake, akihangaika kueleza ni muziki upi anaoutaka, bila kujua jina lake, lakini akijua vizuri kabisa kwamba si ule mwingine.